Kazi ya mtaa nayo inahesabika

Ufadhili wa masomo si wa wenye gredi ya A pekee. Soma fomu vizuri. Ule wa Mastercard Foundation, ulioanza 2012, huangalia pia kama kwenu hakuna uwezo, na kama una moyo wa uongozi na wa kusaidia jamii yako.

Hapo ndipo wengi huanguka. Mimi nilianguka. Karo iliponishinda chuoni, nilijaza fomu moja ya ufadhili. Ikauliza: umeifanyia jamii yako nini? Nikaandika, "Hakuna." Na kila Jumamosi nilikuwa nafundisha watoto wa ploti yetu hesabu! Sikujua hiyo ni kazi.

Msee, uongozi si kuwa kiranja tu. Kuzibua mitaro na wenzako, kusimamia timu ya watoto, yote ni uongozi. Nunua daftari leo. Andika tarehe, mlichofanya na waliofaidika. Mwombe mwalimu au mzee wa mtaa barua mapema.

Ila usingoje wiki ya maombi ndiyo upigwe picha na fagio. Ukiulizwa majina ya hao watoto, utayajua?