Adui wa Minazi Yumo Ardhini

Minazi ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, inashambuliwa na adui asiyeonekana. Ni kuvu iitwayo Ganoderma, ambayo hukaa ardhini na katika visiki, ikaingia mizizini na kuozesha shina kuanzia chini. Ugonjwa huo ulitambuliwa wilayani Thanjavur mwaka 1952. Utomvu wa rangi ya kahawia huchuruzika shinani, makuti ya nje hunyauka na kuning'inia. Mkulima anapoyaona hayo, mizizi mingi imekwisha oza, na hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Wataalamu wa kilimo wa jimbo hilo wamemtafutia adui huyo adui wake. Trikoderma ni kuvu nyingine ya ardhini. Hukua upesi, hujiviringisha katika nyuzi za Ganoderma na kuyeyusha ngozi zake. Mkulima hushauriwa kuichanganya na samadi na kuitia kuzunguka shina, pamoja na kilo 5 za mashudu ya mwarobaini kwa kila mnazi kila mwaka. Mti ambao watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua kwa kutibu homa, huko hutibu shamba.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba hiyo ni dawa ya kila mnazi unaonyauka. Minazi mingi ya pwani ya Tanzania imeangamizwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao hausababishwi na kuvu. Anayemwuzia mkulima wa huko Trikoderma kwa ajili hiyo anamwibia. Tena Trikoderma ni kiumbe hai. Ikiachwa juani au ikikaa ghalani mno hufa, na mkulima hubaki akinunua unga mtupu. Hapana budi serikali zipime bidhaa hiyo kabla haijafika dukani.

Lililo gumu zaidi ni visiki. Haifai mkulima mmoja kutibu shamba lake ikiwa jirani ameacha kisiki kinachooza mpakani, na maji ya kumwagilia yanapita toka mnazi hadi mnazi. Kung'oa visiki na kuchimba mitaro ya kuutenga mnazi mgonjwa ni kazi ya kijiji kizima, na bwana shamba na mwalimu ndio wanaoweza kuieleza kabla utomvu haujaonekana. Lakini mwenye minazi kumi asilaumiwe akisita kuukata mmoja ambao ungali ukizaa nazi chache. Apewe mche wa badala, tena apewe kwanza.