KUJIKWAA SI KUANGUKA

Hebu nikuulize: ukimwona mwenzako amepata alama 12 katika hesabu, wewe humcheka? Mimi nilichekwa muhula uliopita. Nilichekwa hadi nikataka kuacha shule nikabebe mizigo pale mpakani Suam.

Ndipo nikamkumbuka jirani yetu, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, huko ng'ambo ya mto. Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilifanyika kwao, mjini Kampala. Aliongoza, watu wakashangilia, lakini mzunguko wa mwisho miguu ikamkatalia. Wakampita mmoja mmoja hadi akamaliza wa 30, tena mbele ya watu wake! Aibu iliyoje?

Je, alijificha? La hasha! Mwaka 2019 alizishinda mbio hizohizo kule Aarhus, Denmark. Mwaka 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Mwaka 2024 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris.

Wenzangu, kosa si kujikwaa, kosa ni kumcheka aliyejikwaa. Kicheko kimoja darasani chaweza kumtoa mtu shuleni. Nanyi walimu wetu, kwa heshima, msitusomee alama zetu kwa sauti mbele ya wote. Tuiteni kando mtuonyeshe tulipokosea.

Mimi muhula huu nimepata 31. Najua bado niko nyuma, lakini si nimo mbioni?