Mpaka wa Kaunti Usimzuie Daktari

Mgonjwa wa Ndalu akizidiwa usiku hana haja na ramani ya kaunti. Ndalu iko Tongaren, Bungoma, lakini Kitale, iliyo Trans Nzoia, ni karibu kuliko mji wa Bungoma. Bodaboda itaelekea Kitale.

Mahali kama hapa ndipo tiba ya masafa ingeanzia, afisa wa kliniki akashauriana na daktari bingwa kwa video, mgonjwa akiwa papo hapo kitandani. Jambo lenyewe si geni. Miaka ya 1960 shirika la AMREF lilikuwa likiwasiliana na hospitali za misheni kwa redio. Mwaka 2015 Hospitali ya Kenyatta iliunganishwa na ile ya Machakos kwa tiba ya masafa. Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua huduma hii, ikafuata Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Sheria zinatosha.

Mtu wa kupokea simu ndiye hayupo. Daktari bingwa wa Kitale analipwa na Trans Nzoia ahudumie foleni iliyo mlangoni pake. Akitumia nusu saa kuchunguza eksirei iliyotumwa kutoka Ndalu, nani atamlipa? Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, kila gavana ana bajeti yake na madaktari wake. Basi atasaidia kwa hisani, na hisani haina zamu ya usiku.

Magavana wa Bungoma na Trans Nzoia waketi waandikiane mkataba: kila siku awepo daktari wa zamu, namba yake ijulikane katika kila kituo, na kila ushauri ulipiwe. Mlipaji anayefaa ni Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF Oktoba 2024, maana mfuko wake ni wa taifa zima.

Vifaa havitusumbui sana. Wafadhili hupenda kukata utepe mbele ya kompyuta mpya. Bando la kila mwezi na betri ya kutumia stima ikipotea hawaulizi. Hivyo viingie kwenye bajeti ya kaunti, nesi asitoe pesa mfukoni mwake.

Wala tusidanganyane. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hatatibiwa kwa video. Anahitaji ambulensi yenye mafuta, na simu moja itakayoifanya Kitale iandae damu na chumba cha upasuaji gari likiwa bado njiani.