Msaka vipaji anapomtazama mwanao, anaona nini?

Kuna mchezo ambao Wamarekani wanauenzi kama sisi tunavyoenzi kandanda na mbio, lakini hapa kwetu wengi huujua kwa kuuona katika filamu tu. Ni besiboli. Usiniambie huujui kabisa. Ikiwa ulisomea shule ya msingi hapa Kenya, na hasa ikiwa ulikuwa msichana, bila shaka ulicheza raundasi, ukaupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo huku wenzako wakipiga mayowe. Besiboli na raundasi ni ndugu wa damu. (Gongo ninalolitaja ni la kupigia mpira, si lile linalolewesha jirani zetu wa Tanzania.)

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja anayeketi nyuma ya wavu katika uwanja wa shule ya upili huko Marekani, kofia kichwani, saa ya kupimia mbio mkononi, daftari gotini. Huyo ni msaka vipaji. Ametumwa na klabu ya wachezaji wa kulipwa kumtazama kijana wa miaka 17 au 18. Ripoti atakayoiandika yaweza kumletea kijana huyo fedha ambazo babake hajawahi kuzishika, au ikamwacha apite kama upepo. Ewe mzazi, hebu jiulize: mtu asiyemjua mwanao anawezaje kusema leo jinsi atakavyokuwa akifika miaka 25?

Kwanza tuelewane kuhusu uwanja. Katika besiboli kuna vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la mraba, na kutoka kimoja hadi kingine ni futi 90, yaani mita 27 na ushei. Wachezaji wanaolinda eneo hilo ndio wachezaji wa uwanja wa ndani. Mgumu kuliko wote ni wadhifa wa shotistopu, anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mpira ukipigwa chini kumwelekea, yampasa aufuate, ainame, audake kwa glavu, ainuke na kuurusha hadi kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Na mpigaji wa Ligi Kuu anayetumia mkono wa kulia hufika kituo hicho kwa sekunde 4.3 hivi. Hesabu mwenyewe. Piga chafya mara mbili, ufute pua, muda umekwisha.

Ndiyo maana hutaona shotistopu wa mkono wa kushoto katika Ligi Kuu. Si kwamba mashoto wanabaguliwa. Mwenye kutumia kushoto, akishadaka mpira, ni lazima ageuze mwili mzima ndipo arushe, na katika kugeuka huko mkimbiaji amekwishafika. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mashoto, hata awe hodari namna gani, ataambiwa mapema atafute nafasi nyingine uwanjani.

Sasa turudi kwa yule bwana wa daftari. Yeye hupima mambo matano: kuupiga mpira, nguvu za kuupeleka mbali, mbio, mkono wa kurushia, na ustadi wa kudaka. Kila jambo hupewa alama kati ya 20 na 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa Ligi Kuu. Jambo lililonivutia ni kwamba kila kipaji huandikiwa alama mbili. Ya kwanza ni ya leo. Ya pili ni ya kesho, jinsi anavyodhani kijana atakuwa akishakomaa. Kijana wa shule aweza kupewa 30 ya leo katika kupiga na 55 ya kesho, na hapo si tusi hata kidogo. Walimu wetu wanaoandika "Hana bidii" kwenye ripoti za muhula wangejifunza kitu hapa.

Mbio ni rahisi, kwa kuwa saa haidanganyi. Vijana hukimbizwa yadi 60, karibu mita 55, na anayemaliza chini ya sekunde saba huanza kutazamwa kwa makini. Mkono nao siku hizi hupimwa kwa mtambo unaosoma kasi ya mpira. Kudaka ndiko kunakohitaji jicho la mtu mzima. Wazazi waliojaa uwanjani hutazama mikono ya mtoto, ilhali msaka vipaji mzoefu huanza na miguu. Je, mpira unapogongwa, hatua ya kwanza ya kijana huenda upande ulio sawa, au husita? Anaufuata mpira au anaungoja umfikie? Anapoinama, magoti yanakunjika au mgongo ndio unaokunjika? Mikono iliyo laini huupokea mpira ikirudi nyuma kidogo, kama mtu anayedaka yai. Iliyo migumu huusukuma, nao humruka.

Na mengi ya haya huyaona kabla ya mchezo kuanza. Katika mchezo wenyewe, shotistopu aweza kuletewa mipira miwili tu kwa saa mbili, tena ya kitoto. Lakini wakati wa kupasha moto mwili atadaka mingi, na hapo tabia yake yote hujianika. Mjumbe aliyesafiri maili mia mbili akachelewa dakika ishirini amepoteza nusu ya safari yake.

Kupiga ndiko kunakowatia wengi shimoni. Shule za upili hutumia magongo ya madini, na wale wa kulipwa hutumia ya mti. Gongo la mti halisamehe. Mpira ukigonga mahali pasipofaa, mkono hufa ganzi na mpira hudondoka karibu. Zaidi ya hayo, warushaji wengi wa shule hawana kasi. Kijana aweza kupiga vizuri nusu ya mara anazosimama, akaitwa simba wa kijiji, na bado isijulikane atafanya nini atakapokutana na mrushaji mwenye kasi ya maili 95 kwa saa.

Kisha bwana yule huwakodolea macho wazazi. Usishangae. Kijana ana futi sita na ni mwembamba kama fito, je, atanenepa? Baba ana mabega gani, mama ana kimo gani? Wachezaji bora wa shule karibu wote huchezeshwa shotistopu kwa sababu ndio wenye wepesi, lakini miili ikishajaa wengi huhamishwa kituo cha pili, cha tatu au uwanja wa nje.

Kijana wa Kalamazoo

Nikupe kisa cha kweli. Mwaka 1992 katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, palikuwa na shotistopu mwembamba wa Kalamazoo Central High School aitwaye Derek Jeter. Babake, Charles, alikuwa amechezea nafasi hiyo hiyo chuoni, na mamake, Dorothy, alifanya kazi ya uhasibu. Kila mwaka wazazi hawa waliwaandikia watoto wao mkataba kuhusu masomo na adabu, na watoto wakautia sahihi. Michigan ni baridi, na msimu wa besiboli huanza theluji ikingali chini. Mwanzoni mwa msimu wake wa mwisho kijana aliumia kifundo cha mguu, kwa hiyo waliokuja kumpima mbio walimwona akiwa nusu.

Wawili kati ya waliomtazama walimwamini kabisa. Mmoja ni Dick Groch wa New York Yankees. Wa pili ni Hal Newhouser wa Houston Astros, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mrushaji mashuhuri, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1944 na tena 1945. Klabu ya Houston ndiyo iliyokuwa na haki ya kuchagua kwanza mwaka huo. Newhouser aliwasihi wakubwa wake wamchukue Jeter. Wakubwa wakahofia kwamba kijana angedai fedha nyingi kwa kuwa tayari alikuwa na nafasi katika Chuo Kikuu cha Michigan. Wakamchagua Phil Nevin aliyekuwa chuoni California. Mzee Newhouser aliacha kazi.

Klabu nne zilizofuata nazo zilichagua vijana wa vyuo vikuu, kwa imani kwamba aliyekwisha pevuka hana hatari. Mmoja kati ya hao, B.J. Wallace, hakufika Ligi Kuu kamwe. Mwingine, Chad Mottola, alicheza michezo 59 tu. Yankees, wa sita kuchagua, wakamchukua Jeter akiwa bado hajatimiza miaka 18.

Hapo ndipo wengi hudhani hadithi imekwisha. La hasha. Msimu wake wa kwanza katika ligi ndogo, huko Florida, alipiga wastani wa .202, yaani alifaulu mara mbili tu katika kila kumi. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akilia chumbani na kupiga simu nyumbani usiku. Mwaka uliofuata, 1993, akiwa Greensboro katika jimbo la North Carolina, alifanya makosa 56 ya udakaji katika michezo 126. Msomaji, hebu yatafakari makosa hayo 56. Kila moja lilitangazwa mbele ya watu na kuandikwa kitabuni.

Walikuwako waliosema ahamishwe nafasi. Badala yake, msimu ulipokwisha, mkufunzi Brian Butterfield alikaa naye wiki kadhaa akimfundisha upya: miguu ikae vipi, glavu ishikweje, mpira utoke mkononi kwa mpangilio gani. Kwa bahati njema au mbaya, Jeter alikuwa amepigwa na mpira mkononi na hangeweza kushika gongo, hivyo hakuwa na lingine la kufanya ila kudaka kutwa nzima. Mwaka 1994 makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1996 akawa chipukizi bora wa ligi yake na Yankees wakatwaa ubingwa, wa kwanza kati ya mitano aliyoipata. Alistaafu mwaka 2014 akiwa na mapigo 3,465. Mwaka 2020 alipigiwa kura 396 kati ya 397 za kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa ulioko Cooperstown.

Wako wataalamu wa takwimu wanaosema hata hivyo kwamba hakuwahi kuwa mdakaji hodari kama sifa zilivyomvika. Mimi naona wana hoja. Ila kilichowavutia Groch na Newhouser hakikuwa glavu peke yake. Wasaka vipaji huandika pia juu ya moyo wa kijana: akikosea hufanya nini katika mpira unaofuata? Huwatupia wenzake lawama? Huitazama jukwaa ilipo mamake? Mambo haya hayana saa ya kuyapima.

Fedha au chuo?

Kwa familia, siku ngumu huja baada ya uteuzi. Kanuni ni hizi: kijana aliyemaliza shule ya upili aweza kuchaguliwa papo hapo. Akikataa na kuingia chuo kikuu cha miaka minne, kwa kawaida hawezi kuchaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Kwa hiyo mama na baba huketi mezani na kupiga hesabu. Fedha za leo ni za hakika; miaka mitatu ijayo goti laweza kuvunjika. Lakini akienda sasa atapanda mabasi ya ligi ndogo kwa miaka, na wengi wa wapanda mabasi hao hawafiki juu. Jeter alitia sahihi, na bado akahudhuria masomo Michigan muhula mmoja mwaka huo wa 1992. Tangu 2021 uteuzi una raundi 20 pekee, ilhali 1992 ulikuwa na 50, hivyo mlango umekuwa mwembamba zaidi.

Siku hizi kamera na mitambo hupima kila kitu, na kuna maonyesho ambako wazazi hulipa ili watoto wao watazamwe. Kwa maoni yangu hilo limekuwa biashara kama masomo ya ziada yetu ya likizo.

Huenda unasema, "Hayo ni ya huko, sisi yatuhusu nini?" Jirani zetu wa Uganda walipeleka timu ya watoto kutoka Lugazi katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, ikaifunga timu ya Oregon 3-2.

Na mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kuingia Ligi Kuu alikuwa mchezaji wa uwanja wa ndani. Ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mamake alifanya kazi katika klabu ya besiboli huko Randburg, na familia ikaishi katika chumba kidogo papo hapo klabuni, hivyo uwanja ulikuwa ndio ua wao. Wasaka vipaji walimwona katika kambi ya vijana nchini Italia, na mwaka 2008 Pittsburgh Pirates wakampa mkataba. Miguu na mikono yake ilisifiwa tangu siku ya kwanza. Gongo ndilo lililomsumbua, na kwa sababu yake alikaa ligi ndogo karibu miaka tisa. Mamake alifariki mwaka 2013. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa juu hatimaye, akaingizwa uwanjani Pittsburgh dhidi ya Chicago Cubs, akasimama mbele ya mrushaji Jon Lester, na mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo katika Ligi Kuu akaupiga mpira ukapita, akakimbia hadi kituo cha kwanza.