WAVULANA NAO WAULIZWE

Utafiti kuhusu ushauri nasaha una kasoro isiyotazamwa vya kutosha: sauti ya wavulana na wanaume ni hafifu mno ndani yake. Mara nyingi mtafiti huwahoji watu waliokwisha kufika kwa mshauri, na mwanamume ni mzito kufika. Tangu utotoni alifundishwa kwamba maumivu hustahimiliwa kimya. Asiyefika hahesabiwi, na huduma hupangwa bila yeye. Kisha husemwa, kana kwamba ni jambo lililothibitishwa, kwamba wanaume hawaihitaji.

Ushahidi wa kupinga maneno hayo umo humu humu nchini. Mwaka 2007 Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, ilichunguza ukatili dhidi ya watoto kwa kuwahoji wasichana na wanawake vijana peke yao. Tanzania ilipofanya uchunguzi wake mwaka 2009 iliwahoji vijana wa jinsia zote mbili, wa umri wa miaka 13 hadi 24. Taarifa iliyotolewa mwaka 2011 ilionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana walikuwa 1 katika kila 7. Wasingeulizwa, hesabu yao ingeandikwa sifuri.

Miongoni mwa waliotendewa ukatili huo, kama nusu ya wasichana walimweleza mtu. Wavulana, theluthi moja tu. Waliotafuta msaada ni msichana 1 kati ya 5, na mvulana 1 kati ya 10.

Wapo watakaodai kwamba kuwahoji wavulana ni kuwapokonya wasichana haki yao. Dai hilo halina msingi. Wasichana ndio wanaodhurika zaidi, na takwimu zizo hizo ndizo zinazosema hivyo.

Walimu nao hawana budi kuisoma taarifa hiyo hadi mwisho, ingawa haipendezi. Nusu na zaidi ya vijana waliohojiwa, wake kwa waume, walisema walipata kupigwa na walimu. Mvulana atamwendeaje mshauri aliyemchapa asubuhi? Basi shuleni kazi ya ushauri apewe mwalimu asiyeshika kiboko. Na watafiti wa vyuo vikuu waache kungoja mlangoni pa mshauri, wakawahoji wanaume bandarini, mashambani na vijiweni walipo.