Kengele ya Nyali

Wenzetu wanaokwenda Mombasa wakati wa likizo hurudi na sifa za Nyali: mchanga mweupe, madafu na kuogelea. Hayo ni mema, wala siyakatai. Lakini mimi naona kwamba aliyeona bahari tu hajaiona Nyali. Ukivuka daraja utafika Kengeleni, ilipo kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Ililizwa kuwaonya watu wawindaji wa watumwa walipokaribia. Sisi wa bara twaenda pwani kwa hiari, kisha twarudi kwetu. Wao waliletwa kwa nguvu, Wayao, Wamakua na wengineo, na wengi hawakurudi makwao kamwe. Basi ndugu, simama hapo kwanza, ndipo ukaogelee.