Mawe Yanatunzwa, Lugha Je?
Katika jiji la Cusco, Peru, nilionyeshwa kanisa la Santo Domingo, ambalo Wahispania walilijenga juu ya Qorikancha, hekalu la jua la Wainka. Tetemeko la mwaka 1950 lilibomoa sehemu kubwa ya jengo hilo la kikoloni. Kuta za Wainka zikabaki imara. Watalii hulipa kiingilio kuzitazama. Mimi mwanaisimu natazama urithi mwingine: Kikechua. Kilitangazwa lugha rasmi mwaka 1975, lakini hadi leo Kihispania ndicho kitawalacho shuleni na mahakamani. Kuyasifu mawe ya wahenga huku lugha ya wajukuu wao ikidharauliwa si heshima kamili. Walimu wenzangu, ukuta husimama pasipo mrithi. Lugha isiyorithiwa na watoto hufa.